Tangu Masango Hadi Tepu: Historia Fupi ya Ringi na Mapambo Yake



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu mtasoma mengi juu ya pamba, mizani, madeni na mali. Hayo ndiyo mambo makubwa, na walioyaandika wanayajua vema. Sisi wa ofisi ya Ngulyati tumepewa kurasa chache tuandike historia, nasi tumechagua kuandika juu ya kitu ambacho wengi watakiona kidogo: ringi za kuchezea, yaani zile pete kubwa za plastiki zilizozungushiwa tepu za rangi, ambazo watoto wa shule watazizungusha viunoni mbele yenu siku ya sherehe.

Tumechagua hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ringi hizo zimetengenezwa hapa hapa Ngulyati kwa mikono ya wanachama na watoto wao. Ya pili ni kwamba zilileta katika mkutano wetu swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo, na katika kulitafutia jibu tulijikuta tumerudi nyuma zaidi ya miaka 150.

Swali lenyewe liliulizwa na mama mmoja mzee, mwanachama wa siku nyingi. Tulipokwisha kusoma makadirio ya matumizi ya sherehe, alisimama akasema: "Katibu, mwanangu, nimesikia bei ya bomba, nimesikia bei ya tepu, na nauli ya kuvileta kutoka Bariadi nimeisikia. Pamba yangu huwa mnaipima kwa mizani. Je, mikono ya hawa wanaozungushia tepu mmeipima kwa nini?"

Mkutano ulicheka kidogo, kisha ukanyamaza. Tulitazama karatasi yetu, na kweli mikono haikuandikwa.

Masango ya kale

Kupamba pete kwa kuizungushia kitu si jambo geni katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilileta bara bidhaa tatu kubwa: nguo, shanga, na nyaya nene za shaba zilizoitwa masango. Mwingereza Richard Burton, aliyekaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, alifika huko mwaka wa 1857, na mambo aliyoyaona aliyachapisha katika kitabu mwaka wa 1860. Mwenzake John Hanning Speke alipita katika Usukuma, akaufikia ukingo wa ziwa huko Mwanza mwezi wa Agosti 1858. Wote wawili waliona watu waliovaa pete nyembamba za waya miguuni, nyingi kwa mara moja, hata mguu ukafunikwa. Burton aliziandika kwa jina la sambo.

Namna ya kuzifanya ndiyo inayotuhusu hapa. Waya mnene haukuvaliwa jinsi ulivyokuja. Fundi aliupasha moto, akaugonga, akaupitisha katika tundu dogo la kipande cha chuma na kuuvuta. Kisha akaupitisha katika tundu dogo zaidi na kuuvuta tena, mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Uzi huo wa shaba aliuzungushia juu ya kifungu cha nywele za mkia wa mnyama au nyuzi za mti, mzunguko ukigusa mzunguko, hata kiini kisionekane tena. Mwisho aliunganisha ncha mbili, na pete ikawa tayari.

Tazameni basi, wasomaji wetu, jinsi mambo yalivyokuwa. Shaba ilitoka ng'ambo, na bei yake ilipangwa na wenye misafara. Lakini waya mnene uliofika kwa mchukuzi ulikuwa bado si pambo, bali ulikuwa mzigo tu. Mkono wa fundi wa huku ndio uliougeuza mzigo kuwa pambo, na mtu aliyeitaka sambo alijua kwamba analipia vitu viwili, shaba na kazi.

Ngoma na jembe

Pambo lahitaji watazamaji, na Usukuma haujapata kukosa watazamaji. Kila mmoja wetu anajua habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vishindanavyo, ambavyo masimulizi yasema vilianzwa na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Katika mashindano hayo kila upande hupiga ngoma zake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Ndiyo maana kila chama hutafuta kitu kipya cha kuonyesha: mavazi, sanamu, nyoka, fisi, hata majembe yaliyopambwa. Desturi hiyo bado yaonekana kila mwaka katika sherehe ya Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, mahali ambapo Padre David Clement, aliyetoka Kanada, alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vitu vya kale vya Wasukuma, na ambapo makumbusho yao yasimama hata leo.

Ngoma ya Bugobogobo ndiyo inayotufaa zaidi katika habari hizi, kwa kuwa ni ngoma ya wakulima. Mchezaji hulirusha jembe juu, hulidaka, hulizungusha mkononi, na ngoma humpa mwendo ule ule aliokuwa nao shambani. Tangu zamani vijana wa Kisukuma walilima kwa vikundi, wakiongozwa na mkuu wao aitwaye nsumba ntale, na kwa sauti ya ngoma shamba kubwa lilimalizika kabla jua halijapanda sana.

Mwanachama mmoja alitukumbusha desturi hiyo ili kutuonyesha kwamba kazi ya ringi yafaa kuwa ya kujitolea. "Baba zetu walilimiana bure," alisema. Walakini wazee waliokuwapo walimsahihisha kwa upole. Kikundi kikimaliza kulima shamba la mtu, mwenye shamba hakukiaga kwa asante peke yake. Alitoa ng'ombe au mbuzi, au pombe na chakula, kwa kadiri ya kazi na uwezo wake, na mtu aliyejaribu kukwepa alijua kwamba mwaka ujao atalima peke yake. Basi hata katika ujirani wa kale kazi ilikuwa na kipimo chake, ingawa hakikuandikwa katika daftari.

Ringi katika dunia

Mchezo wa ringi wenyewe ni wa kale sana, na hakuna taifa liwezalo kusema ni lake peke yake. Wayunani wa kale walizikimbiza ringi kwa fimbo. Mchoraji Pieter Bruegel, katika picha yake ya michezo ya watoto ya mwaka wa 1560, aliwachora watoto wakikimbiza ringi za mapipa barabarani. Na ni nani kati yetu ambaye hakukimbiza ringi ya baiskeli isiyo na spoku, au tairi bovu, akitumwa dukani na mama yake? Wengi tuliziremba: kitambaa cha kanga kuukuu kilichofungwa hapa, kamba ya gunia iliyosokotwa pale, ili ringi ya fulani isifanane na ya mwenzake.

Kuizungusha ringi kiunoni kulienea duniani katika mwaka wa 1958. Wamarekani wawili, Richard Knerr na Arthur Melin, wenye kampuni iitwayo Wham-O katika jimbo la California, walipata habari za watoto wa Australia waliochezea pete za mianzi. Wakatengeneza pete kama hizo kwa plastiki, wakazipa jina la Hula Hoop, kwa kuzifananisha na ngoma ya visiwa vya Hawaii. Ziliuzwa kwa mamilioni katika miezi michache tu, kisha watu wakazichoka upesi. Kuanzia miaka ya 1990 Wamarekani wengine waliona kwamba pete za dukani ni nyepesi na ndogo mno kwa watu wazima, wakaanza kujitengenezea wenyewe kwa bomba la maji na kuzizungushia tepu. Hivyo kazi ya mkono ikarudi mahali ambapo kiwanda kilikuwa kimeishika.

Katika mwaka huo huo wa 1958 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na shughuli nyingine kabisa. Miaka michache kabla yake, kwa sababu ya manung'uniko juu ya mizani za wanunuzi, walikuwa wameanza kuungana, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Paul Bomani. Mwaka wa 1955 vyama vyao viliunganishwa katika shirikisho lililoitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo halikuchukua miaka mingi likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Baadaye yalikuja mengi: vyama vya ushirika vya mazao vilivunjwa mwaka wa 1976, sheria ya mwaka wa 1982 ikavirudisha, na katika miaka ya 1990 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Lakini mwanzo wa habari yote ulikuwa neno moja, nalo ni kipimo. Mkulima hakukataa kuuza pamba yake. Alilolikataa ni kupimiwa na mtu asiyemwamini, au kutopimiwa kabisa.

Pamba ndani ya tepu

Sasa tuje kwenye tepu. Ziko za aina mbili zitumikazo katika kazi hii. Ya kwanza ni ile ya mafundi wa umeme, laini na yenye kung'aa, nyekundu, njano, kijani, buluu, nyeupe na nyeusi. Hiyo ni plastiki tupu iliyopakwa gundi, na ilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940. Ya pili ni tepu nene ya kitambaa, ambayo haitelezi upesi mkononi wala kiunoni.

Habari za hiyo ya pili zafaa kukumbukwa na kila mwanachama. Mwaka wa 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwako mama mmoja jina lake Vesta Stoudt, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha katika jimbo la Illinois. Wanawe wawili walikuwa katika jeshi la majini. Aliona kwamba masanduku ya risasi yamefungwa kwa tepu ya karatasi ambayo hukatika ikivutwa, hata askari akakawia kulifungua sanduku huku adui akimpiga. Alishauri itumike tepu ya kitambaa imara. Wakubwa wake hawakulifanyia kazi shauri lake, naye akaketi akamwandikia barua Rais Franklin Roosevelt mwenyewe. Barua haikutupwa. Ilipelekwa kwa wenye madaraka, shauri likakubaliwa, na kampuni ya Johnson & Johnson ikapewa kazi ya kutengeneza tepu hiyo.

Tepu ya namna hiyo ina matabaka matatu: juu plastiki, chini gundi, na katikati wavu wa nyuzi. Na nyuzi hizo za katikati, tangu mwanzo, zilikuwa za pamba. Ndugu wanachama, mkiipasua tepu ya kitambaa mtaziona zikining'inia. Hatuwezi kusema zilichumwa wapi, na siku hizi baadhi ya viwanda huchanganya nyuzi nyingine. Lakini mkulima aliyeuza pamba kwa kilo na akanunua tepu kwa mita yafaa ajue kwamba huenda anakinunua kitu cha ukoo wa zao lake, kilichoongezewa kazi ya watu wengine. Tofauti ya bei kati ya pamba mbegu na tepu, kwa sehemu kubwa, ni kazi.

Kazi ilivyofanyika

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka wa 2012 watu wa kwetu wameona sherehe nyingi kubwa. Maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi mwaka wa 2018, 2019 na 2020. Watoto wetu wamezoea kuona halaiki, na waliposikia kwamba Chama kitafanya sherehe yake, walitaka halaiki yao iwe na ringi. Tukakata shauri zitengenezwe 60.

Kipimo cha ringi ya mtoto mkubwa ni sentimita 80 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukizidisha kwa 3.14 wapata mita 2 na nusu za bomba, basi ringi 60 zilihitaji mita 150. Tulitumia bomba jeusi la maji, nene kiasi cha milimita 20. Ncha ya bomba hutiwa katika maji ya moto ili ilainike, kisha kiungo huingizwa upande huu na upande huu, na likipoa hushika sana. Baadaye ringi yote hufutwa kwa kitambaa kikavu, maana tepu haishiki juu ya vumbi, na vumbi la Ngulyati wakati wa kiangazi mnalijua.

Kuzungushia ndiko kwenye ufundi. Tepu huanzia penye kiungo, ikalazwa mshazari, na kila mzunguko huwa umesogea mbele kiasi cha sentimita 4, ili rangi ya pili ipate nafasi yake katikati na kingo zipandane kidogo. Hivyo kila rangi huzunguka bomba mara 60 na zaidi, na ringi moja ya rangi mbili humeza mita 9 na nusu hivi za tepu. Ringi 60 zilikula mita 570. Mkono usivute sana, kwa kuwa tepu ya plastiki iliyovutwa hurudi na kujifungua yenyewe baada ya siku chache. Wala usilegee, kwa kuwa huacha mikunjo ambayo hukwaruza ngozi ya mtoto.

Hayo yote hatukuyajua mwanzoni. Tulinunua tepu za bei ndogo kuliko zote, tukafurahi kwamba tumekiokolea Chama fedha. Ringi 8 za kwanza zilipoachwa juani tangu asubuhi, gundi iliyeyuka, rangi zikateleza, na watoto wakarudi na viuno vyenye kunata. Kosa hilo lilikuwa letu sisi wa ofisi. Akina mama wawili na vijana watatu waliokuwa wakizungushia walikuwa wametuonya kwamba gundi ile ina harufu mbaya, nasi hatukusikia. Ilibidi wazibandue zote, wazioshe bomba kwa mafuta ya taa na sabuni, na waanze upya.

Mwenye mkono mwepesi humaliza ringi moja kwa muda wa saa moja. Ringi 60 ni saa 60, yaani siku 10 za mtu mmoja afanyaye kazi saa 6 kila siku, tena tusihesabu zile 8 zilizoharibika kwa kosa letu. Hesabu hiyo tuliifanya usiku, baada ya mkutano, kwa sababu ya swali la yule mama. Kama asingaliuliza, tusingalihesabu.

Jibu la swali

Tulipokutana tena tuliisoma hesabu mbele ya wote. Wako waliosema kwamba ni mchezo wa watoto tu, na kwamba fedha za pamba hazifai kwenda kwenye michezo. Wako waliosema kwamba wakilipwa hawa, kesho waliofagia uwanja nao watadai. Hoja hizo hatuzidharau, maana fedha za Chama ni jasho la watu, na katibu azigawaye kwa huruma zisizo na kipimo si katibu mwema.

Lakini tulijibu kwamba historia yasema vingine. Aliyezungushia shaba juu ya nywele za mkia alilipwa. Waliolima kwa ngoma walichinjiwa. Baba zetu walioanzisha ushirika hawakuanza kwa sababu ya njaa, ila kwa sababu kazi yao ilipimwa vibaya. Chama kilichozaliwa kutokana na mizani hakiwezi kusherehekea miaka yake 10 kwa kazi isiyopimwa.

Mkutano uliamua hivi: kila ringi ilipiwe saa yake moja, kwa ujira ule ule alipwao kibarua wa kupakia pamba ghalani, zile 8 zilizorudiwa zilipwe mara mbili, na fedha zitoke katika posho ya kikao ambayo sisi wa ofisi na kamati tulikuwa tumejiwekea kwa siku ya sherehe. Hatutawaficha kwamba neno hilo la mwisho halikutufurahisha wote. Hata hivyo mikono ilinyoshwa, na ile ya wengi ilikuwa juu. Katika daftari la matumizi sasa umo mstari ambao haukuwamo: "Kazi ya kuzungushia tepu, ringi 60."

Yule mama alipoonyeshwa mstari huo aliomba asomewe mara mbili. Kisha akasema, "Haya. Sasa watoto wacheze."

Wazee wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Siku ya sherehe, mtakapoziona ringi zikizunguka, nyekundu na njano zikichanganyika hata zionekane rangi moja, watunzeni watoto kwa makofi na kwa vigelegele. Na mkipenda, mkaziangalie kwa karibu pale penye kiungo. Mtaona mahali tepu ilipoanzia na mahali ilipoishia, na katikati yake mizunguko mingi iliyolazwa sawasawa. Kila mzunguko ulipita mkononi mwa mtu, na mtu huyo amelipwa.

Twawatakia wanachama wote miaka 10 mingine yenye mvua ya kutosha, pamba safi, na mizani ya haki.